Kubadilisha mbegu si kubadilisha zao

Mwangaluka, wana Urambo! Naona sura zilezile za mwaka jana, na nasikia karanga nazo ziko mashamba yaleyale.

Bwana mmoja wa Kaliua, jina namsitiri, aliniita nimtazamie karanga zake. Zimedumaa, njano tupu. Nikamuuliza, hapa msimu uliopita ulipanda nini? Karanga. Na ule wa kabla yake? "Karanga, lakini bwana shamba, nilibadilisha!" Nikafurahi. Ulibadilisha nini? "Mbegu. Niliacha ya zamani, nikaweka Pendo." Jamani! Hiyo ni kumbadilishia mgonjwa shuka.

Tukachimba mche kwa jembe, maana ukivuta kwa mkono, vile vinundu vya mizizini vinabaki chini. Nikapasua kimoja kwa ukucha. Ndani kijani. Kinundu kinachofanya kazi huwa chekundu ndani, kama nyama mbichi. Humo wamo bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani, na mche unawalipa sukari. Mche mgonjwa utalipa na nini? Pale shinani, usawa wa udongo, kulikuwa na nyuzi nyeupe za ukuvu na vipunje vya kahawia, ungedhani ulezi umemwagika. Vile vipunje hulala udongoni miaka, vikingoja karanga irudi. Naye alikuwa anairudisha kila msimu, tena kwa jembe lake mwenyewe! Karanga ikijirudia, mizizi inaacha kemikali zinazolundikana, bakteria wenye faida wanapungua, kuvu wa magonjwa wanaongezeka.

Najua kuna mzee atasema ardhi hii iliwashinda Waingereza wa ule mradi mkubwa wa karanga wa enzi za ukoloni, na matrekta yao. Habari hizo mnazijua, sizirudii. Wale walikuja na haraka zao. Wewe mwenye heka moja na jembe la mkono umeshindwa na nini?

Mama pale ananong'ona kwamba atafuatisha tumbaku. Hapana, mama yangu. Mnyauko wa bakteria unashika karanga, unashika tumbaku, unashika nyanya. Utakuwa umemhamisha mgeni chumba, nyumba ni ileile. Weka mahindi, mtama au uwele. "Mahindi yanakula rutuba." Ndiyo, na karanga imeyaachia kidogo cha kula, ila si kama mabua yote umewapa mbuzi.

Shamba dogo? Ligawe mara tatu, karanga ihame kila msimu, irudi kipande cha kwanza mwaka wa nne. Msiniambie haiwezekani, matuta mnayahamisha kila mwaka bila kuambiwa.

Madoa ya majani: ukuvu wake unakaa kwenye masalia ya msimu uliopita. Karanga zilizojiotea, ng'oeni, zinafuga vidukari wanaoeneza ukoma wa karanga, ule unaodumaza mche. Sumukuvu, ile sumu ya kuvu kwenye karanga zisizokauka vizuri, nilitaka niiseme kwa kirefu, lakini naona wapishi wananikodolea macho. Kaushieni kwenye turubai, basi.

Mwenye jembe atangulie shamba la nyuma. Tukapasue vinundu kabla ya ugali.