Kusawazisha Mlinganyo wa Kikemia: Oksijeni Ngoja Kwanza

Andika mlinganyo huu wa kuungua kwa gesi ya butani:

C₄H₁₀ + O₂ → CO₂ + H₂O

Kabla hujaweka namba yoyote, hesabu atomi. Kushoto kuna kaboni 4, hidrojeni 10, oksijeni 2. Kulia kaboni 1, hidrojeni 2, oksijeni 3. Ukipata oksijeni 2 kulia, umeisahau ile iliyomo kwenye maji.

Tunaanza na kaboni, maana ipo mahali pamoja tu kila upande. Oksijeni ingoje: kulia imegawanyika sehemu mbili, kwa hiyo ukianza nayo, utairudia tena na tena. Weka 4 mbele ya CO₂. Hidrojeni 10 zinataka 5 mbele ya H₂O. Sasa oksijeni: kulia kuna 8 za CO₂ na 5 za maji, jumla 13.

Hapa ndipo wengi wanapokwama. 13 ni witiri, na O₂ huja mbilimbili. Usifute kitu. Weka 13/2 mbele ya O₂, kisha zidisha mlinganyo mzima kwa 2:

2C₄H₁₀ + 13O₂ → 8CO₂ + 10H₂O

Mzima, nasema, na butani ikiwemo. Ilikuwa haina namba mbele, lakini isiyo na namba ina 1. Hakiki: kaboni 8 kwa 8, hidrojeni 20 kwa 20, oksijeni 26 kwa 26.

Zile namba ndogo za chini haziguswi kabisa. Ukiandika H₂O₂ ili oksijeni zitimie, hayo si maji tena, ni hidrojeni peroksidi, na swali lenyewe umelibadilisha.

Sasa wenye mabano:

Al(OH)₃ + H₂SO₄ → Al₂(SO₄)₃ + H₂O

SO₄ imeingia nzima na imetoka nzima, basi ihesabu kama fungu moja. Ukiivunja utakuwa na oksijeni za kuhesabu kila pembe, kazi ya bure. Kulia mafungu ni 3, weka 3 mbele ya H₂SO₄. Alumini ni 2, weka 2 mbele ya Al(OH)₃. Hidrojeni: hidroksidi, ile Al(OH)₃, inatoa 2 × 3, yaani 6, na asidi, ile H₂SO₄, 3 × 2, nyingine 6. Hizo 12 zinakupa 6H₂O. Oksijeni zilizo nje ya SO₄ ni 6 kwa 6, kwa hiyo imekubali:

2Al(OH)₃ + 3H₂SO₄ → Al₂(SO₄)₃ + 6H₂O

Simamisha video ufanye huu:

Fe₂O₃ + CO → Fe + CO₂

Tayari? Namba za mbele ni 1, 3, 2, 3. Kama umepata 2, 6, 4, 6, atomi zako zimelingana, ila hujamaliza: gawanya zote kwa 2.