Kamera Kuukuu na Jua la Saa Sita

Mhadhara kwa vijana wapenda picha, Chake Chake, Pemba, Jumamosi baada ya sala ya alasiri. Umeandikwa kama ulivyotolewa.

Assalaam alaykum. Nashukuru kwa kunikaribisha, na nashukuru zaidi kwamba umeme upo na mapangaboi yanazunguka. Kabla sijasema kitu, naomba kamera hii ipite mikononi mwenu. Ianzie kwa dada yangu hapo mbele, ifike mpaka kwa wale walioegemea mlango. Ishikeni, bonyezeni, haivunjiki kwa kushikwa. Ukanda wake ulikatika nikaufunga kwa uzi wa kushonea viatu, hilo msilitazame.

Mimi si mpiga picha wa kazi. Mimi ni fundi redio, na siku hizi redio zenyewe hazipo tena, basi fundi simu. Harusi sipigi, msije mkanitafuta. Napiga picha kwa kupenda tu, Ijumaa baada ya sala na Jumapili asubuhi, na mke wangu anajua kwamba pesa ya mambo haya haitoki kwenye pesa ya unga. Hilo ndilo lililonifikisha kwenye kamera kuukuu. Sikuzifuata kwa mapenzi, nilizifuata kwa mfuko. Mapenzi yamekuja baadaye.

Hiyo mnayoipitisha ni Nikon D40. Ilitangazwa Novemba 2006, kwa hiyo humu ndani imo miongoni mwa watu wazima. Nimeinunua kwa chini ya nusu ya bei ya simu niliyonayo mfukoni. Megapikseli zake ni 6, yaani picha yake ina nukta milioni 6.

Nasikia mtu anacheka kule nyuma. Cheka mwanangu, lakini tupige hesabu pamoja. Picha yake ina nukta 3008 kwa 2000. Televisheni ya HD ina nukta 1920 kwa 1080, yaani milioni 2 na kidogo. Picha ya kamera hii ina karibu mara tatu ya zinazotakiwa na televisheni hiyo. Ukiisafisha karatasini kwa nukta 300 kila inchi, unapata inchi 10 kwa 6 na nusu hivi, na hiyo ndiyo picha inayoning'inizwa sebuleni. Na ukimtumia shangazi yako Maskati kwa WhatsApp, WhatsApp imeshaibana njiani kabla haijamfikia. Sasa megapikseli 50 za simu yako zimekwenda wapi? Zimejaza memori.

Kuna kisa kimoja ambacho mimi kama fundi redio sichoki kukisimulia. Mwaka 1975 injinia mmoja wa Kodak kule Marekani, Steven Sasson, aliunda kamera ya dijitali ya mkononi. Ilikuwa na nukta 100 kwa 100, basi. Picha moja ilichukua sekunde 23 kuandikwa, na iliandikwa wapi? Kwenye kaseti! Kaseti ile ile tuliyokuwa tukirekodia taarab na kuibana utepe kwa kalamu ya risasi ukilegea. Kwa hiyo mtu akikwambia kamera yako ya zamani, muulize anaanzia kuhesabu wapi.

Haya, tuje kwenye jua. Hapa ndipo ninapotaka tukae kitako.

Vitabu vyote vinakwambia usipige picha saa sita mchana, piga alfajiri na jioni. Vizuri. Lakini vitabu hivyo vimeandikwa na watu ambao jioni yao ya kiangazi haiishi. Sisi tuko nyuzi 5 kusini ya ikweta. Jua letu linazama kama jiwe, na baada ya magharibi una dakika kama 20 za mwanga, kisha giza. Na watu wetu wanafanya kazi lini? Mchana. Karafuu haziwezi kuanikwa usiku ili wewe upate picha nzuri.

Msimu mmoja nilikwenda shamba kwa shangazi yangu, upande wa Wete. Ua mzima umetandikwa majamvi, karafuu mbichi upande huu bado zina wekundu, za juzi upande wa pili zimeshakuwa kahawia, na harufu ile mnaijua, inakukaa kooni. Shangazi ameinama na kanga yake ya njano, anachambua makonyo. Nikapiga. Nikapiga tena. Nilipofika nyumbani nikatazama: kanga inawaka, jamvi linawaka, uso wa shangazi una mashimo mawili meusi badala ya macho. Jua lilikuwa utosini, paji la uso limeyafunika macho kwa kivuli. Nilimwonesha. Akasema, "Mwanangu, huyu ni mimi au ni jini?"

Dawa yake ni flashi. Naam, flashi mchana kweupe. Watu hudhani flashi ni ya usiku, na usiku ndipo inapoharibu sura za watu. Mchana kazi yake ni kuingia ndani ya yale mashimo ya macho.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa kamera kuukuu ina siri yake. Kamera za aina hii zina mapazia mawili mbele ya sensa. (Sensa ya kamera, kile kipande kinachoupokea mwanga, si ile ya kuhesabiwa majumbani.) Pazia la kwanza linafunguka, la pili linafuata kufunga. Ukienda kasi sana, la pili linaanza kufunga kabla la kwanza halijamaliza kufunguka, kwa hiyo sensa haiwi wazi yote kwa wakati mmoja. Unabaki mwanya unaotembea. Flashi inawaka mara moja tu, kwa kufumba na kufumbua, kwa hiyo inauangazia mwanya na kwingine kunakosa flashi. Ndiyo maana kamera nyingi, hata za leo, ukitumia flashi zinakuzuia kwenye 1/200 au 1/250 ya sekunde. Zinaweza kupita hapo kwa flashi maalumu, lakini nguvu ya flashi inapungua sana.

D40, na D70 ya mwaka 2004 iliyoitangulia, sensa zake ni za aina ya zamani iitwayo CCD na zinaweza kujifungua na kujifunga zenyewe kwa umeme, mapazia yakiwa wazi. Kwa hiyo zinakwenda na flashi mpaka 1/500. Kwenye jua kali, ISO 200 (huo ni wepesi wa sensa kuuhisi mwanga), tundu la lenzi f/11, kasi 1/500: jua limedhibitiwa. Flashi ndogo ya juu ya kamera kwa ISO 200 ina namba ya nguvu 17, gawa kwa 11 ya tundu la lenzi, unapata umbali wake: mita 1 na nusu. Maana yake, ukikaa mita 1 na nusu kutoka kwa shangazi, macho yake yanarudi. Ukisogea mita 3, umepiga kelele baharini.

Nilirudi shamba wiki ya pili. Nikachutama kwenye ukingo wa jamvi, nikamwambia shangazi aendelee na kazi yake. Picha ile nimeileta, ni ile ya kwanza pale ukutani. Tazameni mkono wake wa kulia, kuna karafuu moja imebaki katikati ya vidole na unaona mpaka kile kikichwa chake cha mviringo. Megapikseli 6.

Jambo jingine la jua letu ni kanzu. Mkipiga picha ya Idd mnakuwa na kanzu nyeupe na buibui jeusi bega kwa bega, na hakuna mtihani mgumu kuliko huo kwa sensa ya zamani. Nyeusi ikizama unaweza kuivuta kidogo kwenye kompyuta, kwa programu za bure kama Darktable au RawTherapee. Nyeupe ikishaungua haina la kuvuta, ni karatasi tupu. Basi shusha mwanga kwa kile kitufe cha kujumlisha na kutoa, kidogo tu, uilinde kanzu. Au bora zaidi, wahamishe watu. Wapelekeni barazani. Mji Mkongwe kule Unguja vichochoro vyake vyembamba ni studio ya bure: jua linapiga ukuta wa chokaa upande mmoja, ukuta unaurudisha mwanga umelainika upande wa pili, na mtu akikaa kwenye baraza uso wake unang'aa bila kukunja macho, hata saa saba mchana. Hapa Chake mtafute ukuta mweupe wowote, hata wa skuli hii.

Mnajua Capital Art Studio ya Mji Mkongwe, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930? Zitazameni picha zake nyeusi na nyeupe za mji ule, kisha mniambie zimepungukiwa nini.

Kununua. Hapa nitakwenda mbio. Ukipata kamera ya mtumba, iwe Kariakoo au kwa mtu aliyeachiwa na mgeni, ifanyie mambo haya mbele ya muuzaji. Piga picha ya mbingu kwa f/16 utazame madoa. Madoa machache ni vumbi, yanapulizwa kwa mpira wa kupulizia, si kwa mdomo, mate ni balaa. Uliza chaja, maana betri za zamani chaja yake ni shida kuliko kamera yenyewe. Mimi niliwahi kununua moja nzuri sana isiyo na chaja, nikaambiwa "zipo tele". Kamera ile mpaka leo ni pambo la kabati. Pentax K100D ya mwaka 2006 inatumia betri nne za kawaida za AA, nunua zile za kuchajiwa na umepona. Tazama na kadi: nyingine zinataka zile kadi nene za CompactFlash, chungulia ndani kwenye tundu lake kama vijiti havikupinda. Na baadhi za miaka ile hazisomi kadi ya SD inayozidi GB 2. Kuwa nayo GB 2 si msiba, picha moja ya D40 ni kama MB 3 tu.

Kwenye lenzi sikimbii, kwa sababu ya ukungu.

Sisi tunaishi ndani ya mvuke. Bahari huku, masika huku. Lenzi ikikaa ndani ya mkoba wa ngozi, kabatini, miezi mitatu bila kutumika, inaota ukungu ndani ya vioo. Unapotaka kununua, chukua tochi ya simu, iweke nyuma ya lenzi, iangaze kwa pembeni. Ukiona nyuzi nyembamba zimesambaa kama utando wa buibui, irudishe. Usisikilize "hiyo inafutika". Ukungu unakula ule utando wa rangi uliopakwa juu ya kioo, na hata ukiufuta alama inabaki.

Nyumbani kwangu vifaa vinakaa kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, zile ndoo za rangi, nimeiosha. Ndani nimetia vile vifuko vidogo vya chengachenga vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Nimewaambia majirani wote wasivitupe, wananiletea. Vikishiba unyevu vinapashwa moto vinakauka, kazi inaendelea. Mchele sishauri, una unga unga unaoingia kwenye kila upenyo. Mkoba wa ngozi mtupeni, au tieni barua za mahari.

Na ukitoka ufukweni, futa kamera kwa kitambaa kilicholowa maji baridi kidogo tu na kukamuliwa, kisha kikavu. Chumvi haioni haya. Redio ngapi nimezifungua za watu wa pwani, waya wa ndani umekuwa kijani!

Naam, swali, dada hapo dirishani.

Anauliza, "Mjomba, na usiku je? Mimi nataka kupiga Forodhani, wale wanaochoma mishkaki." Swali zuri, na sitakudanganya. Usiku kamera hii inachoka. Ukifika ISO 1600 picha inajaa mchanga. Simu mpya itaishinda, kwa sababu simu inapiga nyingi kwa mkupuo ikazichanganya. Ninachofanya mimi ni kutafuta lenzi ya zamani yenye tundu kubwa, milimita 50 ya f/1.8. D40 haina mota ya kuzungusha lenzi za zamani ili picha itoke kali, unazungusha mwenyewe kwa mkono, na ndiyo sababu lenzi hizo watu hawazigombanii. Hata lenzi za Nikon za mwaka 1959, ulipoanza mlango wa F, yaani pale lenzi za Nikon zinapofungwa kwenye kamera, zinaingia humu, ila kipimo cha mwanga unakipima kwa kichwa chako. Kisha simama karibu na taa za wachomaji. Na kwanza muombe idhini, usimvamie mtu na kamera. Ukimpiga, msafishie picha moja umpelekee. Shangazi yangu ile picha ya jini aliichana, hii ya pili ameitia kwenye fremu.

Sasa ni saa kumi na nusu, nje jua limeanza kulala juu ya minazi, na saa yetu ya mwanga mzuri ni fupi. Tutoke. Nani ameishika kamera? Wewe? Usiiwashe wala kuizima tena, imebaki chembe moja ya betri, na kifuniko cha lenzi kiko mfukoni mwangu.