Foleni ya Asubuhi: Tuhesabu Watu, Siyo Magari

ZUHURA: Karibu tena, msikilizaji. Mimi ni Zuhura, niko na kaka Bakari, na leo tunaongelea foleni ya kuingia katikati ya jiji. Kaka, juzi ulinipigia simu ukiwa ndani ya basi, hata sauti ilikuwa imekuishia.

BAKARI: Nilichoka, dada. Taa iliwaka kijani mara nne, basi halijavuka. Wa upande wa pili walikuwa wamechomekea wakakwama katikati ya makutano, kwa hiyo kijani chetu hakikuwa na kazi. Nimesimama, nimeshika bomba, mbele yangu mama kampakata mtoto aliyelala. Nikichungulia dirishani naona gari dogo, dereva peke yake, kiti cha pembeni kimewekwa mkoba. Nikaanza kuhesabu. Magari 10 mbele yetu, watu 12. Sisi kwenye basi tulikuwa hatupungui 60.

ZUHURA: Na nyote foleni ni moja.

BAKARI: Hapo ndipo panaponiuma. Tunaambiwa tuache magari nyumbani. Mwenye gari akitazama, basi limekwama palepale alipokwama yeye, na yeye angalau ameketi. Aliache kwa lipi?

ZUHURA: Kwa hiyo humlaumu?

BAKARI: Hata kidogo. Yeye hesabu yake ni sahihi, hesabu ya jiji ndiyo iliyokosewa. Njia moja ya barabara ikijaa magari binafsi hupitisha kati ya watu 600 na 1,600 kwa saa. Itenge iwe ya mabasi tu, yapishane vizuri, inapitisha kuanzia 4,000 hadi 8,000. Lami ileile, upana uleule!

ZUHURA: Mimi kwa miaka mingi niliamini dawa ni kupanua barabara.

BAKARI: Wengi tunaamini hivyo. Ila barabara ikipanuliwa, aliyekuwa anatoka saa kumi na moja alfajiri kukwepa foleni anasogea hadi saa moja. Aliyekuwa anapanda basi anatoa gari. Mwingine anahamia mbali zaidi kwa sababu sasa kunafikika. Marekani, wachumi Duranton na Turner walionyesha mwaka 2011 kwamba barabara kuu za mijini zikiongezwa, umbali unaoendeshwa nao unaongezeka karibu kwa kiwango hichohicho.

ZUHURA: Mfano ninaoupenda wa dawa nyingine ni Stockholm, mji mkuu wa Sweden. Januari 2006 walianza majaribio ya kutoza magari yanayoingia katikati ya jiji, wakayasimamisha mwisho wa Julai. Magari yaliyovuka mpaka wa eneo lile yalipungua kwa karibu asilimia 20. Majaribio yalipokwisha, magari yakaanza kurudi. Septemba wakazi wa jiji wakapiga kura, wengi wakataka tozo irudi, na mwaka 2007 ikawa ya kudumu. Mwanzoni wengi walikuwa wanaipinga.

BAKARI: Na mabasi?

ZUHURA: Waliyaongeza kabla, Agosti 2005, miezi kadhaa kabla ya kumtoza mtu yeyote.

BAKARI: Basi hilo lisemwe kwa sauti. Ukimtoza mtu ambaye hana basi la kupanda, umemfungia mlango wa kazini. Anayekaa pembezoni, anayebadilisha magari mawili kabla hajafika, huyo ndiye ataumia wa kwanza. Tenga njia ya mabasi, weka msimamizi wa kuwaondoa wanaoivamia, ndipo uje na tozo.

ZUHURA: Wenye maduka hulalamika, wakisema njia ya basi inakula nafasi ya kupaki.

BAKARI: Wana haki ya kusikilizwa. Lakini gari moja likipaki mbele ya duka asubuhi hadi jioni, ni mteja mmoja. Kituo cha basi kinashusha watu kila dakika chache.

ZUHURA: Juzi ulifikaje sasa?

BAKARI: Nilishuka vituo viwili kabla, nikatembea. Nimefika, basi bado halijaonekana. Yule mama alibaki ndani. Angetembeaje jua lile na mtoto begani?