Ng'ombe mbele ya msomaji wa Lisp

Habarini za jioni. Naandika neno moja hapa ubaoni: ng'ombe. Humu ndani sote tumesoma mnyama mmoja. Sasa mpe msomaji wa Common Lisp, yaani ile sehemu ya lugha hii ya programu inayosoma maandishi ya msimbo. Mwambie asome, anakuletea NG. Mwambie asome tena, anakuletea (QUOTE OMBE), yaani nukuu ya ombe. Ng'ombe kashachinjwa, na programu haijaanza hata kukimbia.

Kompaila, ile ya kutafsiri programu, msiilaumu, haijaona herufi hata moja. Herufi zinapita kwanza kwa msomaji, naye ana jedwali la kusomea. Kila herufi ikifika anaitafuta humo: wewe wa aina gani? Kiwango cha Common Lisp cha 1994 kina aina sita. Kuna herufi za kujenga neno, kama a au 7. Kuna nafasi tupu. Kuna herufi za makro, ambazo kila moja ina kazi yake (function) ya kuitwa msomaji akiikuta. Kuna kinga, za kumfanya msomaji achukue herufi kama ilivyo: ya herufi moja, \, na ya kundi, |. Ya sita ni batili, hiyo tuiache.

Kisa chetu kimo kwenye makro, kwa sababu ziko za namna mbili. Mabano, nukta-mkato na hiki kipalio (') cha ng' hukata: msomaji akikutana nacho katikati ya neno, anakirudisha mlangoni, analifunga neno, ndipo anakipokea upya. Alama ya # haikati. Ikianza neno ni makro. Ikiwa katikati ni herufi kama nyingine. Andika ng#ombe, unapata simboli, yaani jina, moja nzima.

Na angalieni, jedwali halisemi kama neno ni namba au jina. Hilo huamuliwa neno likishakamilika. Weka *read-base*, msingi wa kusomea namba, iwe 16, halafu msomeshe baba: anakwambia 47802. Dada naye ni 56026. Kaka anabaki KAKA, maana k haimo katika tarakimu za kumi na sita. (Mimi hapo hucheka kila mara, mnisamehe.)

Turudi kwa ng'ombe. Unaweza kumkinga, ng\'ombe, au |ng'ombe|, na hii ya pili inamwachia herufi zake ndogo. Lakini nani atakinga kamusi nzima? Mimi nanakili jedwali, kisha naandika:

(setf *readtable* (copy-readtable))
(set-macro-character #\' (get-macro-character #\') t)

Ile t ya mwisho ndiyo dawa. Kazi ya kipalio ni ile ile, ila kimehamia kundi la #: hakikati tena. 'ombe bado ni nukuu, ng'ombe ni simboli moja. Kuna anayeumia, ndiyo. Aliyezoea kubananisha (list 'a'b) alikuwa anapata vitu viwili. Sasa anapata kimoja, A'B. Ndiyo maana nimenakili kwanza: jedwali la wenzangu sijaligusa.