Sahani ya Maua ya Buluu

ZUHURA: Rajabu, asubuhi ya Idi nimefungua sanduku nikakutana na kanzu ya mwanangu mkubwa. Ile ya Idi ya 2020, mwaka wa korona. Imevaliwa siku moja tu.

RAJABU: Uliyoshonesha Ngamiani hapa Tanga, Barabara ya Nane?

ZUHURA: Hiyohiyo. Alikuwa na miaka 9, sasa ana 14. Nikamwambia, haya, toka na wadogo zako mkapewe mkono wa Idi. Kanijibu, "Mama, mie nakaa barazani na kina babu." Roho iliniuma. Mwaka ule alishinda dirishani analia, wenzake wanapita na vikoba vyao, mie nimemzuia. Nikijua mwakani atazunguka. Mwakani kaenda nyumba mbili, karudi anaona haya.

RAJABU: Pole, dada. Ila mie Idi ile naikumbuka kwa sahani.

ZUHURA: Usianze!

RAJABU: Wasikilizaji wageni nao waijue. Bi Zuhura hakuingia kwa mtu. Kaja kwangu na tambi, kazifunika kawa, kaziweka kizingitini, hodi moja, huyo kaondoka!

ZUHURA: Sahani ya mama yangu, maua ya buluu. Zilikuwa sita, ziko tano.

RAJABU: Sasa sahani hairudishwi tupu. Mke wangu kila akitaka kuijaza, linazuka jambo. Juzi kaijaza visheti, watoto wakavimaliza.

ZUHURA: Miaka mitano, visheti vinaliwa tu!

RAJABU: Kabla ya hapo ilikuwa vileja.

ZUHURA: Mama kila Idi anazihesabu, Rajabu. Kila Idi.

RAJABU: Mwambie iko salama, iko kabatini, haitumiki. Lakini dada, nikwambie kweli? Ungemwachia yule mtoto. Misikiti hapa kwetu haikufungwa, tuliswali. Wangu walizunguka, kila mlango una ndoo ya koki na sabuni, wakanawa, wakarudi salama.

ZUHURA: Shule zilifungwa tangu Machi mpaka tarehe 29 Juni. Shule ifungwe, mie nimpeleke mtoto nyumba ishirini za wazee? Makka kwenyewe Idi ile watu walikaa ndani! Na mama yangu alikuwa anabanwa na kifua.

RAJABU: Mama mngemtenga chumbani. Mtoto ana Idi ngapi za kuzunguka? Tano, sita. Moja umemnyima.

ZUHURA: Nimemnyima, na ningemnyima tena. Mama yuko hai.

RAJABU: Na wazee wangu wako hai, na watoto walizunguka.

ZUHURA: Hukujua kama watakuwa hai. Hapo ndipo hatuelewani.

RAJABU: Hatuelewani, kweli.

ZUHURA: ...Kipindi kimebakiza dakika ngapi?

RAJABU: Moja. Na yale mambo matatu tuliyotaka kuyasema leo, ya kumfanyia kijana aliyekua siku ya Idi, hata la kwanza hatujalifika.

ZUHURA: Yaache. Kesho napita kwako kuchukua sahani, hata tupu.

RAJABU: Tupu haitoki nyumbani kwangu, dada.