Kabla hujasema "hii ni mila yetu" (mazungumzo, Tanga mjini)

Shikamooni wazee wangu, na nyie vijana huko nyuma sogeeni bas, viti vya mbele vipo. Nimeombwa nieleze utamaduni, mila na desturi vinatofautiana vipi, na mi naona tukivichanganya watu wanaumia kweli, wanawake hasa.

Utamaduni sikai nao sana, ndo maisha yetu yote, lugha, leso, pweza wa nazi, taarabu iliyovuma hapa enzi za vikundi vya Black Star na Lucky Star, tunavyovua na tunavyozikana. Mila na desturi zote zimo humo.

Mi napimaga hivi, ukiivunja kinatokea nini? Ukienda harusini bila sare watakusema siku mbili tatu alafu yanaisha, ile desturi. Ila ukimchukua mtoto wa watu bila kutoa kilemba cha baba wala mkaja wa mama, zile zawadi za kuwaheshimu wazazi wa binti, wazee watakaa kikao, utaitwa na utalipa, hiyo ni mila, ina wenyewe. Na mahari jamani, kwa sie Waislamu ni haki ya bi harusi mwenyewe, imo kwenye dini, kwahiyo mjomba anayeitia mfukoni akasema ndo mila yetu huyo kala mali ya mtu, sina neno jingine. Kichen pati na sendofu bibi zetu hawakuzijua kabisa, lakini leo kijana anakopa mpaka anauza pikipiki eti mila inataka!

Twende kwenye mirathi, hapa ndo panaponiuma. Wadigo wa pwani yetu hii zamani walirithishana kwa upande wa mama, mtu akifa mali inaenda kwa mpwa wake, mtoto wa dada, sio kwa mwanawe wa kumzaa. Uislamu ulivyokolea watoto wakaanza kumrithi baba yao, na wapwa na watoto wakavutana kwelikweli. Sasa mtu anasimama msibani leo anasema mila haibadiliki, binti hapewi minazi, mila ipi hiyo? Ile ya kale ilipitia kwa mwanamke, na dini inampa binti nusu ya fungu la kaka yake, mjane anapata thumni, yaani moja ya nane, kama marehemu ana watoto, robo kama hana. Huyo hana mila wala dini, ana tamaa tu.

Kule Kagera kwa Wahaya mama mmoja aliuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake, ndugu wa ukoo akaenda kumshitaki kwamba mila inamkataza mwanamke kuuza, ikafika Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akasema mwanamke ana haki ya kuuza sawa na mwanaume, mila ya kumbagua inapingana na katiba. Kwahiyo hata mila yenyewe, yenye wazee na vikao, inaweza kuulizwa.

Haya, maswali. Tuanze na akina mama, na atakayemkatiza mwenzie ntamnyang'anya maiki.