Mahakama Inajuaje Kwamba Kesi Hii ni Yake?

Wazee wangu shikamooni. Mama zangu, vijana, habari za asubuhi.

Mwezi uliopita alinijia mama mmoja na mfuko wa plastiki uliojaa makaratasi. Akatoa hukumu ya Mahakama ya Mwanzo, imekunjwa mara nne, muhuri umeanza kufifia. Hukumu inasema shamba ni lake: ekari tatu, mipaka imetajwa mpaka mwembe ulio kando ya mfereji. Halafu akatoa karatasi ya pili, ya Mahakama Kuu, inayosema mwenendo wote ule ni batili. Akaniuliza, "Mwanangu, ina maana jaji amesema shamba si langu?"

Nikamwambia hapana, mama. Suala la shamba ni la nani, jaji hakuligusa. Alichosema ni kwamba mahakama iliyokupa ushindi haikuwa na mamlaka ya kukusikiliza. Mama yule alikuwa amehangaika miaka saba. Amelipa nauli, ameleta mashahidi, na wawili kati yao wameshatangulia mbele ya haki.

Kwa hiyo leo sizungumzii nani ana haki. Nazungumzia swali linalotangulia hilo: nani ana mamlaka ya kuamua?

Wengi tunadhani hakimu ni hakimu, basi atasikiliza lolote. Sivyo. Mahakama inazaliwa na sheria, na sheria hiyo hiyo ndiyo inayoipimia eneo lake. Hakimu hawezi kujiongezea, na ninyi mnaogombana hamwezi kumwongezea hata mkikubaliana wote wawili. Ridhaa ya wadaawa haiipi mahakama mamlaka. Ndiyo maana hoja hii inaweza kuibuka wakati wowote, hata kwenye rufaa, hata majaji wakaiibua wenyewe bila kuombwa na mtu. Wenzetu wa Kenya wana uamuzi wa mwaka 1989 katika kesi ya meli Lillian S, ambapo Jaji Nyarangi alisema mahakama ikishaona haina mamlaka, inaweka zana chini hapo hapo. Hata mawakili wa huku kwetu Tanzania wanaunukuu.

Sasa mahakama inajuaje? Inasoma madai yako kama ulivyoyaandika. Ushahidi bado, kwanza madai. Unadai nini, kina thamani gani, kiko wapi, kilitokea lini?

Tuanze na aina ya mgogoro, kwa sababu hapo ndipo mama yetu alipoangukia. Tangu ilipokuja Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya mwaka 2002, madai ya umiliki wa ardhi hayapelekwi Mahakama ya Mwanzo wala ya Wilaya. Yana njia yake: Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, Mahakama Kuu, kisha Mahakama ya Rufani. Na kuna njia ya mkato inayowaponza watu wengi. Mtu anaona mahakama ya ardhi iko mbali, anakwenda kufungua kesi ya jinai kwamba jirani ameingia shambani kwake bila ruhusa. Jirani akisimama akasema shamba ni langu, basi mgogoro ni wa umiliki. Hakimu wa jinai hawezi kuwapimia mpaka. Mtarudishwa mkaamue kwanza nani mwenye shamba.

Halafu thamani. Baraza la Wilaya linasikiliza madai ya kurejeshewa ardhi au nyumba yenye thamani isiyozidi shilingi milioni 300. Ikizidi hapo ni Mahakama Kuu. Nimeona watu wakiongeza fidia ya jumla ya mamilioni, ya usumbufu na maumivu ya moyo, ili kesi yao ndogo ifike kwa jaji. Haisaidii. Fidia ya jumla hupangwa na mahakama yenyewe, kwa hiyo haihesabiwi katika kupima mamlaka. Kinachohesabiwa ni dai lenyewe, na sheria inataka shauri lianzie katika mahakama ya chini kabisa yenye uwezo nalo.

Mahali hapana ugumu: ardhi inadaiwa ilipo.

Kinachosahaulika zaidi ni hatua ya kwanza. Tangu mabadiliko ya mwaka 2021, Baraza la Kata haliamui tena nani mwenye ardhi, linasuluhisha tu. Lakini usilipite. Baraza la Wilaya halitakupokea mpaka kata ithibitishe kwamba usuluhishi umeshindikana, au siku 30 zipite bila suluhu. Ndoa nayo ina baraza lake la usuluhishi kabla ya kuomba talaka. Aliyeachishwa kazi isivyo halali anakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, tena ndani ya siku 30, na siku hizo zinakwenda mbio kuliko mnavyodhani.

Mahakama ya Rufani imeshasema kwamba mahakama ijihakikishie mamlaka yake mwanzoni kabisa, kabla ya kusikiliza. Kwa hiyo mimi simlaumu mama yule. Alilipa ada, akapewa risiti, akapangiwa tarehe. Kuna mtu alipokea yale madai, akasoma neno "shamba", akagonga muhuri. Neno moja tu siku ile, "mama, si hapa", lingemwokolea miaka saba. Hilo linaniuma, na nitalisema kila nikipewa nafasi.

Je, amepoteza kila kitu? Hapana. Kesi yake haikuamuliwa, kwa hiyo anaweza kuanza upya panapostahili. Hofu ni ukomo, yaani mwisho wa muda wa kufungua kesi, maana madai ya ardhi yana miaka 12 tu. Hata hivyo, Sheria ya Ukomo inaruhusu muda uliotumika kwa nia njema na bidii katika mahakama isiyo na mamlaka utolewe kwenye hesabu. Lakini ni lazima uuonyeshe. Tarehe ya kufungua, tarehe ya kubatilishwa, nakala zote. Ile hukumu iliyokunjwa mara nne haikumpa shamba, lakini itamsaidia miaka yake itolewe kwenye hesabu.

Mwenye makaratasi aje hapa mezani tukimaliza. Na akifika anionyeshe ukurasa wa kwanza wa madai yake, hukumu tutaisoma baadaye.